Mkandaji wa Fuentelobos

Kishubaka kilikuwa kitupu.

Inspekta Leonor Arranz alikimulika kwa tochi, lakini moyo wake ulikuwa umebaki mlangoni mwa kanisa. Alikuwa amepita chini ya lile tao la mawe: wazee wakikaza nyuzi za vinanda, simba akitafuna mkia wake, sungura akimfukuza mbwa. Mchongaji alikufa miaka mia nane iliyopita na bado alikuwa amemchekesha mbele ya watu. Huyo ndiye fundi, alijisemea.

Padre Eliseo alikohoa. "Inspekta, lori la makumbusho linakuja kesho kutwa kulichukua lile jiwe likasafishwe. Nitawaambia nini wale?"

Jiwe lililoibwa mtu mmoja angeweza kulikumbatia. Lilichongwa mwanamke aliyekunja mikono ya gauni, viganja vimezama kwenye unga. Kijiji kilimwita Mkandaji. Kila jeneza la Fuentelobos lilisimama hapo kwanza, na mkono wa marehemu ukawekwa juu ya mikono ile kabla ya kwenda makaburini.

"Kufuli?"

"Zima kabisa."

"Alama za vidole?"

"Za kijiji kizima, Inspekta. Nani hajamgusa?"

Arranz alichuchumaa. Sakafu chini ya kishubaka ilikuwa imefagiwa, safi kuliko sehemu nyingine zote. Mwizi gani huyu anayefagia? Kisha akauliza ufunguo ulikuwa kwa nani.

Ufunguo wa kanisa ulizunguka nyumba kwa nyumba, na wiki hii ulikuwa kwa Bibi Obdulia. Walimkuta kizingitini akimenya viazi, na ufunguo ukining'inia kwenye msumari nje ya mlango.

"Huning'inia hapo siku zote," alisema kabla hajaulizwa. "Yeyote angeuchukua. Tena wageni siku hizi wamezidi, na makamera yao."

"Aliyeshika ufunguo ana kazi gani, bibi?"

"Kufagia. Kuwasha mshumaa. Na kila asubuhi kumwekea Mkandaji kitawi kibichi cha rozimari."

Arranz aliutazama mrozimari kando ya mlango. Tawi moja lilikuwa limekatwa, na kidonda chake kilikuwa bado kibichi.

"Leo umechuma?"

"Kila siku nachuma, binti yangu. Nishindwe leo kwa nini?"

"Kishubaka ni kitupu tangu jana. Umempelekea nani?"

Kisu kilisimama katikati ya kiazi. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Bibi Obdulia iliishia hapo mlangoni.

"Obdulia!" Padre alimaka. "Wewe?"

"Ndiyo, mimi! Nilimbeba kwa toroli la mbolea, nikamfunika blanketi langu zuri. Nifungeni." Alikuwa analia sasa, na hasira ndani yake. "Mlisema anaenda kusafishwa. Yule malaika wa jiwe mwenye tarumbeta alienda kusafishwa nikiwa mwari. Yuko wapi? Dada yangu Domitila daktari amemkatia tamaa. Akifa baada ya lori, mkono wake nitauweka juu ya nini? Juu ya picha?"

Aliwaingiza ndani.

Domitila alilala akiangalia ukuta, mwepesi chini ya shuka. Mkandaji alikuwa kitandani ubavuni pake, kitawi cha rozimari kifuani. Arranz hakuwahi kumwona kwa karibu. Aliona mishipa ya mikono, kucha fupi, hata unga ulioganda kwenye kifundo cha mkono. Kulikuwa na mtu aliyempenda mwanamke huyu, akamchonga anavyofanya kazi.

Padre alinong'ona, "Basi niwaambie makumbusho waje?"

"Hapana. Hiki sasa ni kielelezo cha polisi. Hakiondoki hapa mpaka upelelezi ukamilike."

"Lakini jiwe limepatikana! Mwizi amekiri! Kimebaki nini cha kupeleleza?"

Arranz alitazama kitandani. Vidole vya mgonjwa vilikuwa juu ya vile vya jiwe, vikibonyeza na kuachia, taratibu, kama vya mtu mwenye unga mbele yake.

"Utakamilika," alisema, "Bibi Domitila akimaliza kukanda."