Habari Iliyokuwa Ndani ya Damu

Mpunga ulikuwa umeanza kuiva kule Chara, na ndege hawakuwa na simile. Mwanatumu, mtoto wa miaka sita, alikimbia huku na huku shambani akigonga debe kuwafukuza. Mama yake, Bahiya, alimtazama akacheka. Mtoto alikuwa mzima kabisa. Alikula vizuri, akalala vizuri, akagombana na binamu zake kila siku.

Dada yake, Tuneya, ndiye aliyekuwa na kisukari. Mwaka 1996 aliugua ghafla, na watu wakasema ni malaria. Alifikishwa Garsen amebebwa juu ya kitanda, hajitambui. Alipona chupuchupu. Tangu hapo alidungwa insulini asubuhi na jioni.

Mwaka 1998 alikuja daktari wa utafiti kutoka Nairobi. Aliomba kupima damu ya ndugu za watoto wenye kisukari. Bahiya na mumewe, Buya, walikubali. Baada ya miezi miwili, Sista Florence, muuguzi wa kituo cha afya cha Garsen, aliwaita.

"Majibu ya Mwanatumu yamerudi," alisema. "Leo si mgonjwa. Sukari yake iko sawa. Lakini damu yake ina kingamwili za kisukari, za aina mbili."

"Kingamwili ndiyo nini?" Buya aliuliza.

"Ni walinzi wa mwili, Baba Tuneya. Vijidudu vikiingia, wanavipiga. Lakini mara nyingine mwili hukosea, ukajipiga wenyewe. Nyuma ya tumbo kuna kiungo kinachoitwa kongosho. Hicho ndicho kinachotengeneza insulini. Mwili wa Mwanatumu umeanza kukishambulia polepole. Kingamwili hizi ndizo alama yake."

Bahiya alitazama dirishani. Mwanatumu alikuwa uani akiruka kamba na watoto wengine. Vita ndani ya mtoto yule, naye anaruka kamba! Na damu kidogo tu ndani ya chupa imejua, kabla ya mama aliyemzaa.

"Subhanallah," alinong'ona. Kisha akauliza lililomkaa rohoni. "Sista, ni mimi niliyempa? Au ni chai ya sukari?"

"Si chai, Mama Tuneya, wala si uchawi. Urithi una sehemu yake, nao hutoka kwa wazazi wote wawili, kama macho na kimo. Hakuna aliyekosa. Tena ndugu wengi wa wagonjwa, wasio na kingamwili hizi, hawaugui kisukari maisha yao yote."

"Basi mpe dawa ya kuzuia," Buya alisema.

"Haijapatikana bado. Wengi wenye kingamwili kama hizi huugua, ila hatujui lini. Huenda mwaka ujao, huenda baada ya miaka kumi. Mwacheni ale, acheze, asome. Lakini akinywa maji kupita kiasi, akikojoa mara kwa mara, akikonda au akichoka ovyo, msingoje. Mleteni siku hiyo hiyo."

Wiki ya kwanza Bahiya alimzuia Mwanatumu asikimbie. Mtoto akanuna, akakataa hata wali.

"Mama Tuneya," Buya alisema, "sista alituambia acheze." Bahiya akamwachia.

Mwaka mzima ukapita salama. Kisha asubuhi moja Bahiya alikuta mkeka wa Mwanatumu umelowa. Alikuwa ameacha kukojoa kitandani zamani. Na kabla ya chai alikunywa kata tatu za maji.

"Ni joto tu," bibi yake alisema. "Ngojeni Ijumaa ipite."

"Singoji, mama," Bahiya alijibu.

Akawachukua mabinti zake wote wawili, wakavuka mto kwa mtumbwi. Adhuhuri ilikuwa bado walipofika Garsen. Mwanatumu aliingia kituoni kwa miguu yake mwenyewe, akimwamkia kila mtu.

Sista Florence alimtoboa kidole, akapima. Sukari ilikuwa imepanda.

"Umemleta mapema," alisema. "Hajatapika, hajalegea. Tutaanza insulini leo."

Mwanatumu alipoiona sindano, alimshika dada yake mkono.

"Usikaze mguu," Tuneya alimwambia. "Mimi siikumbuki sindano yangu ya kwanza. Nilikuwa nimezirai. Wewe utaikumbuka."

Mwanatumu alifumba jicho moja. La pili akaliacha wazi, apate kuona.