Nirudishieni Mate Yangu

Hivi wewe umewahi kukaa na watu wazima, wenye suti zao na shahada zao, wakashusha mapazia mchana kweupe na kuzima taa ili washindane saa ya nani inang'aa zaidi? Usicheke. Huku La Chaux-de-Fonds, mji wetu wa mafundi saa Uswisi, tunafanya hivyo. Theluji ikishafunga njia za milima ya Jura, watu hawana pa kupeleka ujinga wao isipokuwa chumba cha nyuma cha duka la Aymon Delacrausaz.

Aymon anauza saa za kale. Huvaa sweta yenye viraka vya ngozi viwikoni, maskini wa kujitakia. Fundi wake ni Sylviane Matthey, mwanamke wa makamo, mpole kwa vyuma na mkali kwa watu. Bila yeye duka lile ni kabati la vyuma vilivyokufa.

Jambo lilianza kwa sauti. Aymon alileta saa ya rubani ya kampuni ya Vauclain, ya kabla ya vita, namba zake zimepakwa rangi ya radiamu, inayowaka yenyewe, ili rubani asome gizani. Tangu ilipowekwa mezani pa Sylviane, kitu kilikuwa kikilamba. Nyap. Nyap. Kama paka na kisahani cha maziwa, chumba cha pili. Kisha ikaja harufu ya jino bovu.

"Ni bomba la maji," alisema Aymon.

"Bomba lina meno?"

"Voilà, umeanza. Fanya kazi, Sylvi."

Sasa elewa jambo moja. Rangi ile ilishapoteza mwanga zamani. Sumu tu ndiyo iliyobaki. Lakini ole wako uiguse! Kwa wapenzi wa saa, kovu ni halisi, kutu ni halisi, uchafu wa jasho la marehemu ni halisi. Ukipaka rangi mpya umeua. Wanaiheshimu rangi iliyooza kuliko wanavyomheshimu binadamu aliyeipaka.

Jumamosi wakaja wale wenye suti, na soseji zao na absinthi yao, pombe kali ya huku. Aymon akaiweka saa ya Vauclain katikati ya meza.

"Zimeni taa!"

Saa mpya zikawaka, buluu na kijani, kila mkono unajionyesha. Na katikati, ile iliyokufa ikawaka kuliko zote.

Kisha Loris, daktari wa meno, ambaye hajawahi kuwa na wazo asilitoe nje, akacheka.

"Aymon, bwana, umetuletea ajuza aliyepakwa poda!"

"Funga domo, Loris. Haijaguswa."

"Haijaguswa na inawaka kama taa ya disko? Mdanganye mkeo."

Aymon akageuka gizani kwa hasira. "Sylvi! Umeifanya nini saa yangu?"

"Sijaifanya kitu," alijibu Sylviane, na alipofungua mdomo kujitetea giza lile likapata shimo la kijani, kwa sababu meno yake, ya juu na ya chini, yalikuwa yanawaka mwanga uleule wa saa, na ulimi ukipita nyuma yake kama kivuli cha mtu anayepita dirishani, na ile nyap, nyap ilikuwa inaendelea ila safari hii haikutoka mezani, ilitoka kooni mwake, na iliendelea hata alipoufumba mdomo kwa mikono yote miwili na mwanga ukavujia katikati ya vidole.

Mtu akararua pazia. Glasi ikavunjika. Loris akamvuta Sylviane dirishani, akamfunua mdomo kwa kidole gumba.

"Ufizi unaachana na mfupa," alinong'ona. "Taya linaoza, mama. Jana lilikuwa zima?"

"Asubuhi lilikuwa zima."

Loris akanawa mikono. Akamsogelea Aymon, akamwambia chini kwa chini, "Ile saa, ukiiuza, mimi wa kwanza." Daktari huyo! Nendeni mkatibiwe kwake.

Wakaipima saa kwa taa ya zambarau, ile inayofichua rangi mpya. Rangi ni ya zama zake, haijaguswa. Aymon karibu acheze dansi.

"Ndiyo pekee duniani inayowaka bado!"

"Na meno yangu?" aliuliza Sylviane.

"Uchovu huo. Kunywa chai."

Chai ilikuwa na ladha ya chuma. Na mkono wake ulikuwa umeanza utundu: kila akishika sindano ya mafuta, aliipeleka kwanza midomoni, anailainisha ncha, ndipo anaishusha kwenye mashine. Hakuna fundi saa anayetia kitu mdomoni. Alijua. Mkono haukujua.

Huku kwetu mtu akiungua, hata hospitalini, hakosekani wa kumpigia simu mwenye siri, mganga wa kunuiza maneno. Wa Sylviane alikuwa Ulysse Froidevaux, dereva mstaafu wa lori la maziwa. Hana ubani wala hirizi; ana maneno machache aliyoachiwa na shangazi yake, ya kukata moto. Halipwi, wala hupaswi kumshukuru: ukisema asante, moto unarudi.

Akaingia dukani na theluji yake viatuni. Akamshika Sylviane kidevu kwa mikono miwili, akanusa, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama," alisema polepole, "wewe ni nani humu ndani?"

Midomo ya Sylviane haikusogea. Sauti ilitoka nyuma ya meno, ya msichana, imejaa maji.

"Kiwandani kwa Vauclain walituambia tulambe. Ncha ya brashi iwe nyembamba kama unywele. Lamba, chovya, paka. Walisema inaleta wekundu mashavuni. Tulilamba mchana kutwa, tukienda nyumbani tunawaka njiani, wavulana wanatucheka. Taya langu lilibaki kwenye leso. Nirudishieni mate yangu."

Aymon alikuwa amejibana ukutani, uso mweupe. Ulysse akafuta jasho.

"Huyu si jini wa msituni," alisema. "Ni mtu wa hapahapa, amegeuzwa moto. Mate yake yamo kwenye rangi. Kwangua namba zile, tukazizike makaburini pamoja na wenziwe. Ataondoka."

"Kukwangua?" Hofu ya Aymon ilikauka papo hapo. "Mzee, umelewa? Unajua uso huo ukikwanguliwa saa inakuwa nini? Takataka!"

"Mwenzio anakufa, kijana."

"Nakubali, nakubali. Lakini..." Akapunguza sauti, kama anayeomba punguzo sokoni. "Huwezi kumtoa yeye ukaacha rangi?"

Ulysse akamtazama sana. "Rangi ndiyo yeye."

Sylviane hakungoja. Alinyakua kisu chembamba cha kazi, akairukia saa. Aymon akawahi, akaitia mfukoni.

"Si mali yako hii!"

"Na taya ni la nani, Aymon? La nani?"

"Kuna madaktari," alisema, na mlango ukagongana na kengele yake. Gari lake likashuka kuelekea Geneva, mnadani.

Ulysse aliweka kiganja shavuni mwa Sylviane, akanong'ona hadi ule ukijani ukafifia kuwa majivu.

"Nimekata moto wa juu," alisema. "Mzizi umeondoka na gari."

Mnadani walizima taa makusudi. Walishasikia habari za fundi, na badala ya kuogopa wakazitia kwenye maelezo ya bidhaa: saa yenye roho. Watu wale hununua kisa, na kisa kikiwa na maiti kinapanda bei. Loris alinyoosha mkono hadi akaloa jasho, akashindwa. Aliyeshinda ni Vauclain wenyewe, kwa ajili ya makumbusho yao. Ukumbi ukapiga makofi.

Sasa iko huko, kabatini, pamoja na dada zake, nyuso nyingi zilizopakwa na wasichana walewale. Kibao chini yake kinasema: Heshima kwa mikono ya wanawake wetu. Mikono! Wameona haya kuandika ndimi. Na mfagiaji wa pale anaapa kuwa jioni taa zikizimwa zinawaka zote, hata zile zilizokuwa zimekufa, na kioo cha kabati kinalowa kwa ndani, kwa juu, pale ambapo kinywa cha mtu mzima kingefika.

Sylviane amelazwa. Meno yanamdondoka kwenye mto wa kulalia bila damu. Maumivu yakipanda, nesi anampigia Ulysse, na mzee anajibu lilelile: "Nimemshika. Lakini wale wengine wa kabatini nao wameanza kuvuta."

Basi ninyi wakubwa wa Vauclain, mnaokunywa mvinyo mbele ya kabati hilo, hatutaki shada, hatutaki kibao kingine wala hotuba. Mliwalisha wasichana wale sumu kwa brashi, mkazika vinywa, mkabakiza mate mkayaita urithi. Fungueni kabati. Kwangueni nyuso zote, mbele yetu, kwa mikono yenu wenyewe, mkawapelekee makaburini kilicho chao. Na iwe leo, Sylviane angali na taya la kusema.