Nyumba ya Wenye Mvi

"Simama wima, Mnara! Ukizidi kucheka pini itakuingia pasipopasa, halafu Jumamosi niolewe na majeruhi."

"Nachekeshwa na wewe. Umejiona kwenye kioo?"

Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni, futikamba shingoni, akikunja pindo la suruali ya bwana harusi wake. Jina la Mnara watu walimpa kwa urefu wake, na kwa kazi yake pia, maana alikuwa mtu wa kampuni ya simu. Alisimama juu ya stuli kwenye suti ya kijivu ambayo mchumba wake aliikata na kuishona kwa mkono wake mwenyewe.

"Nina nini?"

"Chaki, mama! Kichwa chote cheupe. Utadhani umetoka kwenye nyumba ambayo hata mtoto mchanga ana mvi."

Akacheka. Akacheka peke yake. Mkono wa Fundi ulibaki hewani na pini yake.

"Umesemaje?"

"Nimesema una chaki."

"Baada ya chaki."

"Aa, kitendawili tu. Si vile vya bibi yako?"

Naam, wajukuu zangu, ulimi hauna mfupa. Bibi yake Fundi alikuwa na vitendawili kama kuku alivyo na manyoya. Siku Mnara alipokuja kujitambulisha, alitegewa kabla hata ya kupewa kiti. Akashindwa vyote. Na ukishindwa kitendawili, sharti utoe mji ndipo ufumbuliwe.

"Nipe mji!" bibi alimwambia siku ile. Mnara akatoa mji huu, akatoa ule, mpaka bibi akashika kiuno. "Mume wangu, ramani imekwisha! Sasa ukishaoa utakaa wapi?"

Jikoni walicheka hadi machozi. Bibi akamhurumia, akamkalisha karibu, akamfundisha siri yake: "Usikitafute kitu chenyewe. Tafuta kinachombakia mtu akishapita hapo." Tangu siku hiyo Mnara akawa hashindwi.

Lakini kitendawili cha mvi hakikuwa cha siku hiyo. Bibi alikitunga juzi tu, kwenye simu, Fundi alipouliza kwa sauti ya chini, "Bibi, kaka yuko wapi?"

Kaka yake Fundi alikuwa fundi mitambo kampuni ile ile, na ndiye aliyewakutanisha hawa wawili. Kisha akasimama mbele ya watu akasema kampuni inawapa wakubwa wa serikali mazungumzo ya simu za wananchi bila karatasi ya mahakama. Akafukuzwa. Baadaye wakaanza kumtafuta, naye akajificha.

"Mnara."

"Naam, mpenzi."

"Kile bibi alikitunga juzi. Kwenye simu. Tulikuwa wawili tu. Wewe wa tatu ulikaa wapi?"

Feni ilizunguka, vipande vya uzi vikacheza sakafuni.

"Shuka kwenye stuli."

"Mpenzi, pini..."

"Shuka!"

Akashuka. Hata aliposhuka alikuwa mrefu, ila safari hii mabega yalikuwa yamelegea.

"Sikutaka," alisema. "Waliniletea sauti zenu. Chumba kizima kinasikiliza, hakuna anayeelewa. Mkubwa akaniambia, wewe si mkwe wa nyumba ile? Hebu tusaidie."

"Ukawasaidia."

"Hapana! Nilisema sijui. Naapa."

"Kwa hiyo mnakaa wanaume wazima, mmevaa tai, mnamsikiliza bibi yangu akiniuliza kama nimekunywa dawa ya kikohozi?"

"Ni sheria. Na usinitazame hivyo. Yule mtoto aliyeibwa sokoni tulimpata kwa namba ya simu. Ulilia kwa furaha, ukasema kazi yangu ina thawabu."

"Nilisema, na leo narudia. Lakini ile siku hakimu aliandika karatasi. Mimi nimeandikiwa na hakimu gani?"

"Sheria mpya haihitaji hakimu."

"Ndivyo alivyosema kaka. Na ndiyo maana mnamtafuta."

Fundi akachukua simu mezani. Mnara akamshika mkono.

"Usipige! Ukipiga kumwonya, watajua."

"Basi naenda mwenyewe."

"Nenda kesho."

"Kwa nini kesho?"

Mnara akamwachia mkono.

Simu ikalia mkononi mwa Fundi. Bibi.

"Halo, mke mwenzangu." Utani ulikuwepo, lakini sauti haikuwa na kicheko. "Wamekuja asubuhi kwenye mashine ya kusaga. Wamemtoa kaka yako na unga wake kichwani. Mweupe hivi, kama mzee."

"Bibi..."

"Hawakuuliza mtu njia. Wameshuka garini, moja kwa moja stoo ya nyuma. Mjukuu wangu, kitendawili changu kilikuwa kigumu. Au hakikuwa kigumu?"

Fundi alimtazama Mnara. Mnara alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kilikuwa kigumu, bibi," alisema. "Kwa mgeni."

Upande wa pili bibi akavuta pumzi. Simu ikakatika.

"Ulisema hukuwaambia."

"Waliniahidi watamhoji na kumrudisha siku hiyo hiyo. Walisema nikikataa, kazi basi. Nilitaka tuoane tuna pa kuanzia. Nimefanya kwa ajili yetu!"

"Vua."

"Nini?"

"Suti yangu. Vua."

"Nivae nini sasa?"

"Si mna macho kila mahali? Watakutafutia wenzako."

Akavua. Mwanamume mzima, mrefu kama mlingoti, akasimama na soksi zake katikati ya vitambaa, kisha akavaa nguo alizokuja nazo, akafunga mlango taratibu kama anayetoka chumba cha mgonjwa. Fundi hakuichana ile suti. Kitambaa kilikuwa na kosa gani? Alikaa akaifumua, mshono kwa mshono, mpaka koti likarudi kuwa vipande.

Jumamosi ya harusi ilipita bila harusi. Wiki iliyofuata alikwenda ofisi ya serikali inayosimamia mambo ya simu. Dada wa mapokezi alikuwa mpole, tena ana kucha nzuri.

"Dada, unalalamikia nini?"

"Simu yangu inasikilizwa."

"Una uthibitisho kutoka kampuni ya simu?"

"Nilikwenda. Wamesema sheria inawakataza kuthibitisha."

"Basi bila uthibitisho hatuwezi kupokea lalamiko."

"Na bila lalamiko?"

"Bila lalamiko, dada yangu, hakuna tatizo."

Alitabasamu. Fundi naye akajikuta anatabasamu, maana kilio kilikuwa kimeisha.

Kaka alikoulizwa, kila kituo cha polisi kilisema hakijui. Watu wanaojua kila mtu yuko wapi, hawakujua alipo huyo mmoja.

Mara nyingi Fundi aliitoa laini ile kwenye simu, akaishika vidoleni ili aivunje. Na kila mara akairudisha. Kaka akiachiwa, namba pekee aliyoikariri kichwani ni hiyo.

Basi akawa anaongea machache. Umeamkaje, nimeamka, mvua imenyesha, haijanyesha. Bibi naye akaacha vitendawili.

Mchana mmoja, Fundi akiwa kwenye cherehani anashona sare za shule, ujumbe ukaingia. Namba aliijua.

"Mbona siku hizi wewe na bibi hamzungumzi kama zamani? Nina wasiwasi na wewe. Bado nakupenda."

Aliusoma. Akausoma tena. Mguu ukasimama juu ya kanyagio.

Kabla hajaiweka simu chini, ikalia. Bibi, na leo sauti ilikuwa imejipamba, kama mtu aliyeamua kumchekesha mgonjwa.

"Mke mwenzangu! Kitendawili!"

Fundi akaukumbuka ule ujumbe.

"Sema tega, mtoto wee."

"Bibi, umekula?"

"Nimekula, nimeshiba. Kitendawili!"

"Huko mvua je?"

Sauti ya bibi ikavuliwa mapambo.

"Basi umeshindwa. Nipe mji."

Fundi akafikiria miji. Huu una shangazi. Ule una rafiki wa kaka aliyemficha mwanzo. Kila mji aliotaka kuutaja ulikuwa na mlango, na nyuma ya mlango mtu anayempenda.

"Sina mji, bibi."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Bibi hakukata simu. Fundi naye hakukata. Wakakaa hivyo, kila mmoja na simu sikioni, na kitendawili kile hakikutegwa.