Mistari Iliyopinda Machoni mwa Baba

Kila siku baada ya masomo, msichana Kijiti alivua sare, akala, kisha akaingia karakanani kumshikia baba yake uzi. Baba alikuwa mchoraji wa mabango, na wateja walimwita Rula kwa sababu herufi zake zilisimama kwenye mstari kama askari kwenye gwaride. Kabla ya kuchora, uzi uliopakwa chaki ulinyooshwa juu ya ubao, Kijiti akiikaza ncha moja na baba akiikaza nyingine. Baba aliuvuta kidogo katikati, akauachia. Uzi ulipiga ubao, paa! ukaacha mstari mweupe. Hapo baba alifumba jicho la kulia na kuukagua mstari kwa jicho la kushoto, kama mtu anayelenga shabaha. Ndivyo alivyofundishwa kazi, na ndivyo alivyofanya maisha yake yote.

Lakini tangu mvua zikatike, karakana ile ilikuwa imegeuka uwanja wa vita.

"Umelegeza tena!" baba alifoka.

"Sijalegeza, baba. Tazama, mpaka kidole kimekuwa chekundu."

"Unanibishia? Mstari una tumbo hapa kama nyoka aliyemeza panya! Au unadhani mimi kipofu?"

Kijiti aliutazama mstari. Ulikuwa umenyooka kabisa. Alitaka kusema hivyo, lakini baba alikwisha kuutupa uzi chini na kuwasha sigara.

Jikoni, mama alimnong'oneza, "Mwanangu, funika kombe. Sema umekosea, yaishe. Nimechoka na makelele ya nyumba hii."

Kuanzia hapo, kila baba alipofoka, Kijiti aliinamisha kichwa. "Ndiyo baba, nimelegeza. Nisamehe." Makelele yalipungua. Baba aliufuta mstari, akaupiga upya, akauona umepinda vilevile, na mwishowe akaamua kuunyoosha kwa brashi yake mwenyewe. Pale jicho la kushoto lilipomwonyesha mstari umepanda, aliishusha herufi. Alipoona umeshuka, aliipandisha.

Mwenye saluni alipokuja kuchukua bango lake, alisimama mlangoni akashika kiuno.

"Rula, hizi herufi zimelewa? Wateja wangu si watadhani ninasuka nywele kwa miguu!"

"Herufi zangu hazina kosa," baba alijibu kwa ukali.

"Hazina kosa? Moja imepanda ngazi, jirani yake imetumbukia shimoni!"

Baba alimgeukia Kijiti, macho yamemtoka. "Mwulize huyu! Kila siku analegeza uzi, na mwenyewe anakiri. Ananiharibia jina. Haya, mwambie!"

Kijiti alizitazama herufi zile zilizopinda. Akikubali tena, baba angeendelea kuharibu mabango hadi asibaki na mteja hata mmoja, na hakuna ambaye angejua sababu.

"Sikulegeza," alisema. "Nilikuwa nasema uongo."

"Unasemaje?"

"Nilikubali kwa sababu nilichoka kufokewa. Mistari yote ilikuwa imenyooka, baba. Wewe ndiye unayeiona imepinda."

"Mwongo wa jana nimwamini leo?" Baba aliipiga meza kwa kiganja hata makopo ya rangi yakaruka. "Toka! Usikanyage tena humu!"

Kijiti hakutoka. Alichukua rula ndefu ya chuma, akailaza kando ya mstari mpya wa chaki uliokuwa kwenye ubao mwingine. Mwenye saluni aliinama, akatazama. "Vimelingana kabisa," alisema.

Baba alifumba jicho la kulia, akachungulia. "Hata hiyo rula yenyewe imepinda!"

Mwenye saluni aliangua kicheko, kisha kicheko kikamkatikia mdomoni.

"Baba," Kijiti alisema taratibu, "sasa fumba la kushoto. Tazama kwa la kulia."

"Sichezi na watoto."

"Mara moja tu, baba."

Alisonya, lakini alifanya. Alibaki ameinama muda mrefu. Alibadilisha jicho, akabadilisha tena. Kisha akamtazama mwenye saluni kwa jicho la kushoto peke yake, akasema kwa sauti iliyopungua nguvu, "Uso wako una ukungu katikati. Nilidhani ni uchovu."

Kesho yake walikwenda kliniki ya macho. Daktari, mwanamke asiye na maneno ya kubembeleza, alimtia baba matone ya kupanua mboni, akampiga picha ya ndani ya jicho.

"Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaoitwa retina," alieleza. "Mwanga unaangukia hapo, na retina inapeleka habari kwenye ubongo. Sehemu yake ya katikati ndiyo unayotumia kusoma, kutambua sura na kukagua mistari yako. Chini ya sehemu hiyo imeota mishipa midogo ya damu ambayo haikutakiwa kuwapo, na inavuja. Utando umeinuka kama rangi ya ukuta uliolowa maji. Ndiyo maana kila kilichonyooka unakiona kimepinda."

"Basi nipe miwani."

"Miwani haisaidii hapo. Utachomwa sindano ndani ya jicho, baada ya ganzi, na si mara moja. Ungechelewa, katikati pangebaki doa ambalo halifutiki. Na sigara uache. Inaongeza hatari ya ugonjwa huu."

"Sindano? Jichoni?" Baba alimtupia Kijiti jicho la lawama, kana kwamba yeye ndiye atakayemchoma.

Alichomwa, akalalamika, akarudi kuchomwa tena. Pole kwa pole ukungu ulipungua na mistari ikatulia, ingawa kikunjo kidogo kilibaki. Siku daktari alipomweleza kwamba jicho limeokoka, baba alikohoa, akasema, "Basi huyu nitamsamehe uongo wake."

"Msameheane," alijibu daktari, aliyekwisha kusimuliwa kisa chote. "Wewe kila ukiambiwa ukweli ulifoka, mpaka mtoto akaogopa kuusema. Nawe binti, kukubali kosa lisilo lako ni uongo pia. Ulitafuta amani, huku jicho la baba yako likiharibika. Mtu akisema anaona kisichokuwapo, usimkubalie wala usimcheke. Mwambie ukweli, na apimwe mapema."

Wiki iliyofuata baba alilichora upya bango la saluni, safari hii akikagua kwa jicho la kulia, ambalo bado hakulizoea. Alipomaliza alirudi nyuma hatua chache, akamwita Kijiti.

"Haya, sema. Limekaaje?"

"Herufi ya tatu imeshuka, baba."

Baba alimkazia macho. Alisonya. Kisha akachukua kitambaa, akaifuta.