Muda Aliopewa Silima

Duka lilikuwa tupu tangu asubuhi, moto umezimwa na majivu yamezolewa, lakini ndani mlinukia haluwa inayopikwa. Silima aliisikia harufu ile alipokuwa akifunga mlango. Akatema mate, akaenda zake.

Haya yalitokea Wete, zama za Mwingereza, kabla ya vita vya pili. Duka lilikuwa ubavuni mwa nyumba ya Silima. Mpangaji wake, Kificho, mpika haluwa, alikuwamo tangu uhai wa baba yake Silima. Silima alimshitaki, korti ikaamuru Kificho atoke, ikampa mwezi mmoja. Mwezi ulipokwisha, Kificho alikuja kuomba aongezewe muda.

"Si kwa ajili yangu, Bwana Silima. Humo mna mwenyewe asiyeonekana, hata wazee wetu walimkuta. Lazima aagwe, ahamishwe kwa taratibu zake. Nisubiri mpaka Mfunguo Mosi, Ramadhani ikiisha."

"Naye mwambie amri imetoka," alijibu Silima. "Duka langu nalitaka leo." Akazitupa nje sufuria na miko kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake asubuhi, mkewe, Mwanabaraka, aliingia dukani kufagia. Akakawia. Silima, akiwa chumbani, alisikia kupitia ukutani mwiko ukikwangua sufuria, kwaru, kwaru, ilhali dukani hamkuwa na mwiko wala sufuria. Alipofungua mlango alimkuta mkewe amechutama penye mafiga yaliyopoa, anakoroga hewa kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, nywele zinanuka kuungua.

"Mwanabaraka, una nini?"

"Usipaze sauti," alinong'ona. "Anaonja."

Majirani walimvuta, wasimtikise. Silima akashika njia ya Gando, kwa Kificho, ambaye hakumkaribisha hata kukaa.

"Nakuomba ndugu yangu, njoo useme naye."

"Korti imenikataza kukanyaga pale," alisema Kificho. "Na aliyenipeleka korti ni weye." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Ikabidi aitwe Bi Mwatum, mganga. Alimfunika Mwanabaraka shuka nyeupe palepale penye mafiga, akafukiza ubani, akasoma, na kadiri alivyosoma ndivyo moshi ulivyokataa kupanda, ukatambaa sakafuni, ukamzunguka Silima vifundoni, ukawa wa moto, huku kuta zikitoa jasho zito linalonata kama sukari na chini ya shuka kile kichwa cha mkewe kikimgeukia polepole, kikamgeukia hata pale alipohama upande, mpaka ikatoka sauti ya mwanamume, ya upole, isiyo na haraka.

"Mwenzangu alipewa mwezi. Weye nakupa mpaka adhana ya alasiri. Utoke nyumba nzima. Ukichelewa, huyu sikurejeshei."

"Hii nyumba ya baba yangu!"

"Baba yako alijenga juu ya kichwa changu."

Bi Mwatum alimvuta Silima kando. "Huyu simwezi, mwanangu," alisema. "Toka."

Silima alitoa vitanda, akatoa masanduku, mikeka, magodoro, akivirundika barabarani peke yake, kwani majirani walisimama mbali na hakuna aliyenyoosha mkono. Adhana ilipoanza alikuwa kizingitini mwa duka, mikono mitupu. Mwanabaraka akainuka, akajifunga kanga vizuri, akatoka kama mtu aliyetoka usingizini. Silima alimkumbatia, akalia mbele za watu.

Ndipo kutoka ndani ya duka ikaja sauti ya Mwanabaraka, inayolia.

"Silima! Mume wangu, mbona waniacha?"

Alitaka kugeuka. Mwanamke aliyekuwa kifuani mwake akamkaza mkono.

"Usigeuke," alimnong'oneza. "Twende zetu."

Silima akaenda naye. Walihamia Micheweni, wakakaa pamoja miaka mingi, wakala sahani moja, na mpaka Silima anakufa hakuthubutu kumuuliza yeye ni nani.