Viatu Vinavyorudi

Kila asubuhi Mama Soli alifungua duka lake la viatu. Alifagia kizingiti, akapanga viatu vya watoto mbele na vya wakubwa nyuma. Watu walimpa jina hilo kwa sababu akikutana na mtu, hutazama kwanza miguu, uso baadaye. Mumewe alikaa pembeni na sindano yake, akishona viatu vilivyochanika.

Siku hizi wateja waliingia, lakini wengi hawakununua. Walipima tu. Kisha waliagiza kwa simu kutoka kwenye duka kubwa la mtandaoni, kwa bei ya chini.

Jumatatu moja aliingia muuguzi wa mtaa wa pili. Alipima pea nne. Alitembea nazo huku na huku. Mwisho akakipiga picha kiatu kimoja, akasema, "Asante, dada. Nitarudi."

"Utarudi kufanya nini, na simu unayo?" Mama Soli alinung'unika mlango ulipofungwa.

Alikata kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu nene: HAKUNA KUPIMA KAMA HUNUNUI. Akakitundika mlangoni.

Hasira hasara. Wiki nzima hakuingia mtu. Wapita njia walisoma, wakabetua midomo, wakaenda zao. Mke na mume wakabaki kufukuza nzi.

"Mke wangu, hivi hatufiki popote," mumewe alisema. "Tufunge duka. Ghala la hao wa mtandaoni linaajiri. Nitaomba kazi."

Mama Soli alivitazama viatu vyake mstari kwa mstari. Duka hilo walilianza na meza moja kando ya barabara. Moyo ulimuuma sana.

Jumapili alikuja dukani wifi yake, ambaye alifanya kazi katika ghala hilohilo. Alivua viatu, akakaa, akaanza kujikanda nyayo.

"Dada yangu, niulizie kazi huko," kaka yake alimwambia.

Wifi alicheka. "Kaka, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mshahara unaingia kwa wakati, hilo sitalikana. Lakini kuna mashine mkononi, inahesabu kila dakika. Ukichelewa chooni, inaandika. Na mkataba ni wa miezi mitatu. Msimu ukiisha, wengi tunarudishwa nyumbani. Ukitaka kuja, njoo. Ila usome mkataba wote kabla ya kutia sahihi."

"Sasa tufanyeje?" Mama Soli aliuliza. "Bei zao zitatumaliza."

"Kwa bei hamtawaweza, wifi. Wananunua shehena nzima kwa mpigo. Halafu wateja hawajui jambo moja. Kiatu kinachotokea juu kabisa kwenye simu si lazima kiwe bora. Mara nyingi muuzaji amelipia kiwekwe pale." Alinyoosha mguu. "Mimi wamenipanga chumba cha vitu vinavyorudishwa. Unajua kinachorudi kuliko vyote?"

"Sufuria?"

"Viatu! Marundo kwa marundo. Hiki kimebana, hiki kimepwaya. Simu haiwezi kumpima mtu mguu. Nyinyi mnaweza. Na hicho ndicho mlichokipiga marufuku!"

Mama Soli aliona aibu. Aliinuka, akakitungua mlangoni kile kipande cha boksi.

Kesho yake muuguzi aliingia akichechemea. Alikuwa amevaa viatu vipya.

"Dada, nimeumbuka," alisema. "Niliagiza vya kwanza nilivyoviona. Kwenye picha vilifanana kabisa na vyako. Lakini ikifika saa sita mchana vidole vinawaka moto."

Mama Soli alitaka kumwambia, 'Nilijua.' Akayameza maneno hayo.

"Vua. Kanyaga hapa." Alitandika kile kipande cha boksi sakafuni, akaanza kuuzungushia mguu kalamu.

Muuguzi aliinama. Kando ya mguu wake aliona maandishi ya kalamu nene, yamegeuka juu chini. "Hili tangazo... lilinihusu mimi?"

"Lilikuhusu wewe. Simama wima, usinichekeshe. Mstari utapinda."

Mguu wa kulia ulikuwa mkubwa kuliko wa kushoto. Mume alivitanua viatu kwenye kalibu, ule mguu wa mti wa mafundi viatu, akaongeza soli laini ndani. Muuguzi alilipia ufundi, akatembea bila kuchechemea. Wiki hiyohiyo aliwaleta wenzake watatu.

Baada ya hapo Mama Soli alinunua daftari kubwa. Alichora mguu wa kila mteja, hata aliyenunua kwingine. Mtoto akikua, alimwambia mama yake mapema kwamba viatu vinakaribia kumbana. Duka la mtandaoni liliendelea kuuza, na bei zake zilibaki chini. Lakini duka la Mama Soli halikufungwa, na mumewe hakwenda ghalani.

Msimu wa mauzo ulipoisha, wifi alirudishwa nyumbani pamoja na wengi. Alifika dukani, akasimama mlangoni.

Mama Soli alitazama miguu yake. Ilikuwa imevimba, na visigino vimepasuka. Kisha akamtazama usoni.

"Pita ndani, wifi," alisema, akifungua ukurasa mpya wa daftari. "Umetupa akili sisi sote, na mguu wako hatujawahi kuupima."