Pikapu Isiyotiwa Nta

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mikorosho ya Junju Everlyne alipotumwa chumvi.

"Chumvi tu, na urudi," shangazi yake Jedida alimwambia. "Usije ukanipitia kwingine."

Chumvi aliinunua, hilo tusimnyime. Lakini mtu gani aendaye dukani na gitaa mgongoni? Jedida aliliona, akanyamaza, apate la kusimulia baadaye. Na alisimulia!

Kutoka dukani Everlyne alikata njia ya nyuma, akaenda moja kwa moja kwa mzee Dzombo.

Huyu Dzombo ni mtu wa Rabai aliyehamia Junju zamani. Kazi yake ni kusuka upya waya wa mota za pampu na feni zilizoungua. Lakini vijana wa bendi, kuanzia Kilifi hadi Malindi, waliijua kazi yake ya pili: pikapu za gitaa. Si pikapu ya kubebea mkaa, la. Ni kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi, sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele. Ndicho kinachousikia uzi ukitikisika na kuipeleka sauti kwenye amplifaya. Kikiwa dhaifu, gitaa hulia kama mbuzi aliyefungwa juani. Kikiwa na nguvu, linanguruma.

Na Everlyne alitaka kunguruma.

Sababu ilikuwa na jina. Janet. Mdogo wake, baba mmoja mama mmoja. Everlyne ndiye aliyemkalisha kwenye kibaraza chao cha Barani, mtaa wa Malindi, akamkunja vidole kimoja kimoja juu ya gitaa la kanisa mpaka akajua. Sasa wote wawili walikuwa kwenye bendi ya Simeon, wakipiga roki nzito kila Jumamosi jioni kwenye baa moja ya Malindi. Hapo palikuwa na Mwitaliano mzee, mpenzi wa makelele. Alipokuwa anarudi kwao alimwachia Janet pikapu yenye nguvu za ajabu. Basi! Tangu siku hiyo watu ni "Janet! Janet!" tu, hata wale waliokuja kula samaki.

"Everlyne, wewe ubaki nyuma, upige mdundo tu," Simeon akamwambia. "Janet ataongoza."

Kubaki nyuma! Yeye! Everlyne alitabasamu, akasema sawa. Lakini kifua chake kilikuwa kinachemka kama sufuria ya muhogo iliyofunikwa.

Kwa Dzombo mlango ulikuwa wazi. Ndani palinuka vanishi iliyoungua na nta ya nyuki.

"Hodi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Umeleta mota?"

"Nataka pikapu ya gitaa. Ya nguvu."

"Ya nguvu ya kumzidi nani?"

Everlyne akalishusha gitaa mgongoni. "Ya nguvu tu, mzee."

Dzombo akachekea puani. Akapangusa meza, akaweka pikapu mbili kando ya spika kuukuu. Akaunganisha ya kwanza, akaishika chini ya nyuzi za gitaa la Everlyne, akazikwanyua.

"Hii ina sumaku ya chuma. Waya wa wastani. Ukipiga polepole inasema, ukipiga kwa nguvu inalia. Kila uzi utausikia peke yake."

"Tamu. Lakini laini."

"Hii ya pili ina sumaku nyeusi, ile ya spika. Koili mbili ubavu kwa ubavu, zinaua mvumo wa umeme. Waya mwingi. Ukizidisha waya, sauti inanenepa, inauma. Lakini ile milio myembamba ya juu inakufa. Huwezi kuvipata vyote."

Everlyne aliisikiliza. Ilinguruma, ndiyo. Lakini ya Janet ilinguruma hivyohivyo. Macho yake yakahamia rafuni, kwenye kifurushi kidogo kilichofungwa vitambaa vya kaniki.

"Na ile?"

"Ile si ya kuuza."

"Naomba kuisikia tu, babu."

Sijui ni lile neno babu, sijui ni uzee. Dzombo akakifungua. Kibao cheusi, waya uliokizunguka mng'avu kama jicho la paka. Akakiunganisha. Hakukuwa na uzi juu yake. Hakukuwa na kitu.

Everlyne akapumua.

Na spika ikapumua.

"Yesu wangu," akanong'ona.

*Yesu wangu...* ikasema spika.

"Haijatiwa nta," alisema Dzombo. "Pikapu ukishaisuka unaizamisha kwenye nta ya moto, waya ushikane. Isipozamishwa inasikia mpaka kikohozi. Nta ndiyo inayoiziba masikio. Na hii masikio yake ni makubwa. Kibao chake kimetoka kwenye gogo la mwanza."

Everlyne akarudi nyuma hatua moja. Habari za mwanza alikuwa amesimuliwa na nyanya yake. Ile ngoma ya wazee wa msitu mtakatifu wa kaya, isiyopigwa bali inayosuguliwa, ikanguruma kama kitu chenye meno. Zamani ikianza tu, wanawake na watoto wanaingia ndani, wanafunga milango, wanaufunika hata moto. Mwanamke hakuruhusiwa kuiona, sembuse kuishika.

"Nawe ni mwanamke," Dzombo akasema.

"Mimi napiga roki, babu. Mambo ya kujifungia ndani yalikwisha zamani."

Mzee akamtazama sana. "Niachie basi niizamishe. Njoo keshokutwa."

"Kesho ndiyo Jumamosi!"

"Ikiwa haina nta inasikia. Na hii haisahau. Usitaje jina la mtu mbele yake. Hata kwa mzaha."

"Sitataja. Nidai chochote."

Dzombo akanyoosha kidole kwenye mfuko wa karatasi mkononi mwa Everlyne.

"Nipe hiyo chumvi."

Everlyne alipotoka, alisikia nyuma yake kitu kikimwagwa taratibu... *shaaa*... kizingitini. Hakugeuka.

"Chumvi iko wapi?" aliuliza Jedida.

"Imemwagika, shangazi."

"Na huko kifuani umeficha nini, mtoto?"

Kesho yake alasiri alikuwa chumbani kwake Barani, gitaa limelazwa tumbo wazi juu ya kitanda. Akailehemu pikapu mahali pake. Moshi wa lehemu ulinukia vibaya, kama nywele zilizoungua. Alifunga mdomo wake kabisa, kama alivyoagizwa. Na angeufunga mpaka mwisho, ila Janet akachungulia dirishani, kibanio cha nywele mdomoni.

"Ala! Dada kanunua mpya!"

"Nenda ukajitayarishe."

"Ni ya kunishinda mimi hiyo?" Akacheka kicheko chake kile kinachosikika mpaka kwa jirani. "Dada yangu, hata ukitia transfoma nzima ya kule barabarani, vidole si ni vilevile?"

Akaenda zake akiimba.

Vidole si ni vilevile. Yeye aliyemkunja hivyo vidole! Everlyne alibaki amekodolea gitaa, machozi yamemjaa, na maneno yakamtoka kabla hajayajua.

"Vidole vyako na vikauke, Janet."

Akapangusa macho kwa kiganja.

Gitaa lilikuwa halijaunganishwa na umeme wowote. Lakini pale chini ya nyuzi kitu kilivuma... mara moja... kama mtu aliyemeza.

Akajiambia ni nzi.

Jioni hiyo baa ilijaa. Simeon alimpa Everlyne wimbo wa kwanza aongoze, kwa kumhurumia tu. Akachomeka waya. Akapiga.

Sauti ile haikutoka kwenye spika. Ilitoka ardhini. Ilipanda kwenye miguu ya viti, ikaingia mbavuni mwa watu. Chupa zikagongana zenyewe mezani. Vijana wakapiga mayowe, "Everlyne! Everlyne!" Lo, utamu wa jina lake! Alikuwa amelisahau linavyosikika. Akazidisha. Hakuona kwamba ng'ambo ya barabara wanawake wazee waliokuwa wakikaanga viazi karai walifunika makarai yao, wakazima moto, wakaingia ndani mmoja mmoja bila kuulizana, na kufunga milango.

Akamaliza. Akaweka kiganja juu ya nyuzi kuzinyamazisha. Watu wakavuta pumzi wapate kushangilia.

Na amplifaya ikanong'ona.

*Vidole vyako na vikauke, Janet.*

Ilikuwa sauti yake. Ya machozi vilevile. Na mdomo wake ulikuwa umefumba, watu wote wanauona.

Kando yake kitu kikagonga mbao. Gitaa la Janet. Janet alikuwa ameunyanyua mkono wa kushoto, ule wa kubania nyuzi, anautazama kama si wake. Vidole vinne vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani, vikavu kama njiti.

"Dada," alisema. "Dada, umenifanya nini?"

Simeon alitafuta maelezo, maana yeye ni mtu wa mitambo na nyaya. "Pikapu isiyotiwa nta hushika hata sauti ya mdomo," aliwaambia watu. "Ni jambo la kawaida."

"Lakini hakusema kitu! Sote tulikuwa tunamtazama!"

"Inashika..." Simeon akakwama. "Inashika. Haiweki."

Hospitalini walipiga picha za mifupa, hawakuona kitu. Wakasema ni mishipa, wakasema ni mawazo. Everlyne akarudi Junju mbio, pikapu imefungwa kwenye leso, hakupitia hata kwa shangazi.

Dzombo aliiweka kiganjani, akaipima uzito.

"Mimi niliizungushia nusu ya kibao," alisema taratibu. "Sasa imejaa hadi ukingoni. Huu waya mwingine kauzungusha nani?"

Everlyne alilia, akamshika magoti.

"Fungua waya mwenyewe," Dzombo akamwambia. "Kwa mkono wako, mzunguko mmoja mmoja, mpaka kibao kibaki kitupu. Kisha kichome. Usibakishe hata kidogo. Umenisikia?"

"Nimesikia, babu."

Akarudi Barani, akaanza. Kazi ile ni mateso. Waya haushikiki, unakata ngozi, unapotea machoni. Lakini siku alipofika robo, Simeon alipiga simu: kidole cha shahada cha Janet kimenyooka! Everlyne akapiga magoti, akamshukuru Mungu kwa moyo safi, namsemea kweli. Akaendelea. Cha kati kikanyooka. Akaendelea. Kikanyooka cha pete. Kibao kikabaki na mizunguko michache tu, ya kuhesabika.

Simu ikalia.

"Everlyne!" Simeon alikuwa anapiga kelele, nyuma yake watu wanashangilia. "Janet kapanda jukwaani! Kapiga kwa vidole vitatu! Watu wamelia! Wanasema hata mwenye vidole vyote hampati!"

"Hata mwenye vidole vyote," Everlyne akarudia.

"Ndiyo! Si unafurahi?"

"Nafurahi."

Akakata simu. Akaitazama ile mizunguko michache. Kidole kimoja tu, cha mwisho, tena kidogo. Mtu hafi kwa kukosa kidole kidogo. Akakivingirisha kibao kwenye kaniki, akakiweka juu ya kabati.

"Nitamalizia kesho," alisema.

Kesho ikapita. Na nyingine. Nanyi mnazijua kesho za namna hiyo.

Kisha Janet akaja. Alasiri, kajifunga leso mpya, kabeba mahamri.

"Yamekwisha, dada," alisema. "Damu haifutwi. Tusameheane."

Wakakumbatiana. Everlyne alilia mpaka bega la mdogo wake likalowa. Akatoka uani kuinjika chai. Chai ikachelewa, mkaa ulikuwa umelowa. Aliporudi na birika alimkuta Janet amesimama. Amesimama karibu na kabati, shavu limeegemea ubao, kidole kile kilichojikunja kinagusa ncha ya kaniki. Na midomo yake ndiyo kwanza inafumba.

"Unaongea na nani?"

Janet akageuka. Akatabasamu kama malaika.

"Nasali tu, dada. Nakuombea."

Walikunywa chai. Walicheka hata. Janet akaaga, akaenda zake, na kicheko chake kikasikika mpaka kwa jirani.

Everlyne hakuweza kukaa. Alikunja nguo, akazikunjua. Kaomba nini? Kaniombea nini yule? Angemwita fundi, angekimbilia Junju, angekichoma kile kitu bila kukisikiliza. Mtu mwenye moyo mtulivu angefanya hivyo. Lakini yeye alitaka kujua. Alitaka kujua kama mdogo wake naye ana lile analo yeye.

Muadhini alikuwa anaanza maghribi. Akachukua kaniki, akazigusisha ncha mbili za waya zilizochomoza kwenye amplifaya yake ndogo. Ikavuma... Ikanuka nywele zilizoungua...

*Everlyne, dada yangu,* ikasema kwa sauti ya Janet, kwa upole ule wa kusali. *Na...*

Everlyne akaung'oa waya.

Akasimama gizani, pumzi inamtoka. Akakunja vidole vya mkono wa kulia, vikakunjika. Vya kushoto, vikakunjika. Akafumba macho, akafumbua. Akagusa ulimi wake kwa kidole. Upo. Akajaribu kutaja jina lake mwenyewe kwa sauti, akaogopa kwamba kuna kitu kingesikia, akaacha.

Kisha akafungua kaniki kuitazama ile mizunguko michache aliyoibakisha.

Kibao kilikuwa kimejaa hadi ukingoni.